Namna ya Kuutunza Moyo Nyumbani, Kuanzia Kipimo cha Presha hadi Pakiti ya Chumvi

Katika Kiswahili moyo umebebeshwa maneno mengi: mtu huvunjika moyo, hupiga moyo konde, hutoa kwa moyo mmoja, na akifiwa husemwa kwamba moyo wake umejaa simanzi. Kwa sababu hiyo, mama mtu mzima anaposema "moyo unaniuma", walio karibu naye huweza kudhani kwamba ana jambo linalomsononesha, wakamkalisha, wakampa pole na maji ya kunywa, ilhali kinachouma ni nyama halisi iliyo kifuani, yenye ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, ambayo wakati huo imekosa damu. Mwongozo huu unahusu moyo huo wa nyama, na umeandikwa kwa ajili ya yule ambaye katika kila familia ndiye anayepika, anayekumbusha wengine dawa na anayeamshwa usiku mtu akizidiwa.

Moyo ni pampu mbili zilizoshikana. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kuzunguka mwilini na kuisukuma kwenye mapafu ili ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisukuma kwenda mwili mzima. Kwa mtu mzima aliyetulia, moyo hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika na kusukuma takribani lita 5 za damu katika muda huo, kiasi ambacho kwa saa 24 huzidi lita 7,000, sawa na ndoo za lita 20 zipatazo 350 zinazochotwa na kumwagwa na msuli wenye uzito wa gramu 300 hivi. Ubongo ukikosa damu hiyo kwa sekunde chache, mtu hupoteza fahamu, na zikipita dakika chache zaidi sehemu zake huanza kufa. Figo mbili peke yake huchukua takribani moja ya tano ya damu yote inayotoka moyoni, kwa kuwa haziwezi kuchuja taka bila damu inayofika kwa msukumo wa kutosha. Moyo wenyewe haulishwi na damu inayopita ndani ya vyumba vyake, bali hulishwa na mishipa myembamba inayouzunguka kwa nje, na mmojawapo ukiziba ghafla, kipande cha msuli ulichokuwa ukikilisha huanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Kutokana na mpangilio huu, moyo unaodhoofika mara nyingi hulalamikiwa na viungo vingine kabla haujalalamika wenyewe. Miguu huvimba, pumzi hukata mtu akipanda ngazi, usingizi hukatika kwa kikohozi, mkojo hupungua, na mgonjwa hutibiwa miguu au kifua kwa miezi kabla mtu hajauliza habari za moyo. Anayesubiri moyo umuume ndipo autunze huwa amechelewa, na ndiyo maana kazi ya kwanza nyumbani ni kupima.

Kupima presha ili namba iwe ya kweli

Shinikizo la damu, ambalo wengi wetu tunaliita presha, ni nguvu ambayo damu husukumia kuta za mishipa. Namba ya juu ni nguvu wakati moyo unapominya, na namba ya chini ni nguvu wakati moyo umelegea kati ya pigo na pigo. Mtu mzima anayepimwa kituoni kwa siku tofauti na kukutwa na 140 kwa 90 au zaidi huhesabiwa kuwa na presha ya juu, na kwa vipimo vinavyochukuliwa nyumbani, ambako mtu ametulia zaidi, mpaka hushuka hadi 135 kwa 85. Presha ya juu kwa kawaida haiumi. Mtu anaweza kuishi nayo kwa miaka akilima, akiuza sokoni na kucheza ngoma harusini, huku ukuta wa upande wa kushoto wa moyo ukizidi kuwa mnene na mgumu kwa kupambana na mishipa iliyokaza, mpaka siku moja ushindwe kujaa na kusukuma kama inavyotakiwa. Wakati huohuo vichujio vya figo na mishipa midogo ya macho na ubongo huendelea kuharibika.

Mashine za mkanda wa mkononi zinazotumia betri sasa zinapatikana katika maduka mengi ya dawa, na familia kadhaa zinaweza kuchangia moja. Chagua ya mkanda unaofungwa juu ya kiwiko, kwa kuwa zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi. Hata hivyo, mashine nzuri ikitumiwa vibaya hutoa namba ya uongo, na nimelijua hilo kwa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nikimpima mama yangu mdogo jioni, mara tu anapotoka jikoni, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, mkono umelala mapajani na maongezi yanaendelea. Namba zilikuwa zikipanda na kushuka kiasi kwamba yeye alizipuuza na mimi nikaanza kuzipuuza pia. Siku muuguzi aliponionyesha utaratibu sahihi, ndipo namba zilipotulia na tukajua hali yake ilivyo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwa nusu saa kabla ya kupima, mtu asinywe kahawa wala chai ya rangi nzito, asivute sigara, wala asifanye kazi ya kutoa jasho. Aende haja ndogo kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kisha aketi kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegama, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu bila kukunja nne, na atulie hivyo kwa dakika 5 bila kuzungumza. Mkono uwekwe juu ya meza ili mkanda uwe usawa wa moyo, kwa maana mkono unaoning'inia huongeza namba na ulioinuliwa huipunguza. Mkanda ufungwe kwenye ngozi tupu, si juu ya mkono wa kanzu au wa sweta, ukingo wake wa chini ukiwa vidole viwili juu ya mkunjo wa kiwiko, na uwe na ukubwa unaolingana na mkono, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba iliyozidi. Pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, uandike zote mbili pamoja na tarehe na saa. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya chakula kwa siku 7, kisha weka kando namba za siku ya kwanza na utafute wastani wa zilizobaki. Wastani huo una maana kubwa kwa daktari kuliko namba moja iliyochukuliwa baada ya kupanga foleni tangu alfajiri.

Ukiwa umeshika mkono wake, hesabu na mapigo. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, bonyeza kidogo mpaka usikie mshipa ukigonga, na uhesabu kwa dakika nzima. Idadi ni muhimu, lakini zaidi sikiliza mwendo: mapigo yasiyo na mpangilio kabisa, leo na kesho na keshokutwa, yanahitaji kupimwa kwa mashine ya umeme wa moyo, kwa maana katika moyo unaopiga ovyo damu huweza kutuama na kuganda, na donge likichukuliwa hadi kwenye ubongo huleta kiharusi.

Chumvi inapimwa kwa kalenda

Kumwambia mpishi apunguze chumvi ni kumwambia jambo lisilo na kipimo, kwa sababu anapika kwa mkono na ulimi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichojaa sawasawa, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi yote, pamoja na iliyomo katika mkate na vyakula vya dukani. Njia ninayoiamini ni ya kalenda. Siku mnapofungua pakiti ya chumvi ya nusu kilo, iandikeni tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Nyumba ya watu 6 inayokula gramu 5 kila mmoja hutumia gramu 30 kwa siku, hivyo pakiti hiyo inapaswa kudumu siku 16 au 17 kwa uchache; ikiwa kuna watoto wadogo, ambao wanahitaji chini ya hapo, idumu zaidi. Ikiisha kwa siku 8, kila mmoja anakula gramu 10 na ushei bila kujua, hata kama hakuna anayelalamika kwamba mboga ina chumvi kali.

Kutoka hapo shusheni taratibu, kwa kuongeza siku 2 au 3 kwa kila pakiti, kwa kuwa ulimi uliozoea chumvi nyingi huhitaji majuma kadhaa kuzoea kidogo, na anayepunguza nusu nzima kwa siku moja hushindwa na familia mezani. Ondoeni kikopo cha chumvi mezani. Ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na pilipili manga huziba pengo kubwa, na wapishi wa pwani hawana cha kufundishwa katika hilo. Hatari iliyojificha zaidi ni vile vipande vya kiungo cha mchuzi vinavyouzwa kimojakimoja dukani, kwani sehemu kubwa yake ni chumvi, na mpishi hukivunja kwenye sufuria ambayo tayari ameshaitia chumvi. Papa mkavu na ng'onda navyo vimehifadhiwa kwa chumvi tangu hapo. Walio na presha wakivitamani, viloekwe usiku kucha, maji yamwagwe na kubadilishwa mara mbili au tatu, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Chumvi kidogo mtakayoendelea kuitumia iwe ile yenye madini joto, maana kupunguza chumvi hakuna maana ya kuinyima tezi ya shingo madini hayo.

Kwa upande wa mafuta, jambo la kuacha kwanza ni kukaangia mafuta yaleyale kwa siku nyingi mpaka yawe meusi na mazito. Tui la nazi ni utamu wetu na sitamwambia mtu aliache kabisa, ila mafuta yake ni ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu, hivyo mwenye lehemu nyingi atumie tui jepesi la pili au la tatu, na tui zito liwe la siku moja moja. Kunde, choroko, maharage, samaki wabichi, mchicha, kisamvu, matembele na ndizi viongezwe. Wenye maradhi ya figo wamwulize daktari kwanza kuhusu ndizi na madafu, kwa sababu vina potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa.

Mwendo, moshi na mengine ya kila siku

Moyo ni msuli na hunufaika kwa mazoezi. Dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa wiki zinatosha kwa mtu mzima, na haraka hiyo ni ile inayokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Anayeuza sokoni amesimama kutwa nzima amechoka, lakini hajatembea. Ni vitu viwili tofauti. Mwenye maumivu ya kifua au anayekosa pumzi aonwe na daktari kabla ya kuanza.

Tumbaku haina kiasi salama, iwe sigara, shisha au ugoro, na mvutaji akiacha, baada ya mwaka mmoja hatari yake ya maradhi ya mishipa ya moyo hupungua kwa takribani nusu. Moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha huudhuru moyo pia, na anayeuvuta zaidi ni mama na mtoto aliyembeba mgongoni.

Dawa za presha

Mama yangu mdogo aliacha vidonge vyake kwa sababu alijisikia mzima. Presha ilikuwa imeshuka hadi 128 kwa 80, na kwa mantiki ya malaria, ambayo mtu humeza dozi akapona, aliona kazi imekwisha. Baada ya miezi minne alipata kiharusi asubuhi moja akifua nguo, na mkono wake wa kulia haujarudi kufanya kazi kama zamani. Namba nzuri ile ilikuwa imeletwa na dawa yenyewe. Presha ya juu kwa walio wengi hutunzwa maisha yote, na anayeweza kupunguza au kubadilisha dawa ni daktari aliyeona namba, si jirani wala mgonjwa mwenyewe.

Wengi huacha kwa sababu ya usumbufu ambao hawakuelezwa mapema. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, dawa za jamii ya enalaprili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na zile za kukojoza humfanya mama anayesafiri kwa daladala aone aibu. Yote haya yana njia ya kurekebishwa, kwa kubadilisha dawa au saa ya kuimeza, ikiwa mgonjwa atasema. Mwanamke anayetaka mtoto aseme pia, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hazifai katika ujauzito. Anayekusudia kufunga Ramadhani aende kliniki kabla ya mwezi kuandama ili apangiwe dozi kati ya futari na daku. Na diklofenaki au ibuprofeni zinazonunuliwa kila siku kwa maumivu ya mgongo na magoti hupandisha presha na kuumiza figo, jambo ambalo muuza duka hatalisema asipoulizwa.

Watoto na waja wazito

Si kila maradhi ya moyo ni ya wazee. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 anayepata mafindofindo yanayosababishwa na bakteria wa streptokoka, asipotibiwa, huweza baada ya wiki mbili au tatu kupata homa yenye maumivu yanayohama kutoka goti hadi kiwiko, na kinga ya mwili wake ikaanza kushambulia vali za moyo, yaani milango inayoruhusu damu kupita upande mmoja tu. Vali zikikakamaa au kuvuja, hubaki hivyo, na wapo wanaogundulika wakiwa wasichana wa miaka 20 wenye mimba ya kwanza. Kumkata mtoto kimeo, kama bado inavyofanywa mahali pengi, hakuui bakteria hao na humwachia jeraha kooni. Anahitaji kuchunguzwa na kupewa penisilini kwa dozi kamili, na aliyekwisha kuathirika moyo hudungwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Sindano hiyo inauma, na mzazi atashawishika kuiruka, asiiruke.

Mama anayekosa pumzi akilala chali katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua asiambiwe kwamba ni uchovu wa uzazi. Upo ugonjwa wa moyo kulegea katika kipindi hicho, na hutibika zaidi ukigunduliwa mapema.

Siku ya kukimbilia hospitali

Anayelalamikia kifua aonyeshe kwa mkono mahali panapouma. Maumivu ya kubana au kukandamiza katikati ya kifua, yanayopanda taya au kushuka mkono, yakiambatana na jasho la baridi, na yasiyoondoka kwa mapumziko ya dakika chache, yasiitwe kiungulia wala vidonda vya tumbo mpaka hospitali iseme hivyo. Wanawake na wenye kisukari huweza kukosa maumivu hayo, wakawa na kichefuchefu, uchovu wa ghafla na pumzi kukata tu. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukalegea au maneno yakachanganyika, hicho ni kiharusi. Zipo dawa na huduma zinazosaidia katika saa chache za mwanzo tu, na saa hizo zikipotelea kwa kutafuta aliyemroga, hazirudi. Presha ya 180 kwa 120 au zaidi pamoja na dalili yoyote kati ya hizi ni dharura. Kama hakuna dalili, pima tena baada ya dakika chache za utulivu, na ikibaki hapo aonwe siku hiyohiyo. Usimpe kidonge cha jirani.

Mtu akianguka, haitikii na hapumui sawasawa, wakati mwenzako anaita gari, mlaze chali kwenye sakafu ngumu, weka viganja viwili kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, unyooshe mikono na ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5 au 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Mkono wako wakati huo unafanya kazi ya moyo wake.

Kwa anayejulikana kuwa na moyo dhaifu, dalili huja polepole zaidi. Bonyeza kwa kidole gumba mbele ya muundi wake kwa sekunde 10 kisha uachie: shimo likibaki kama kwenye unga wa ngano uliokandwa, maji yanajikusanya. Akiongeza mito ili apate pumzi usiku, au uzito wake ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, asisubiri tarehe ya kliniki. Aanzie kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na huko ndiko rufaa huanzia mpaka hospitali ya mkoa na, kwa Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2015 hufanya upasuaji wa moyo hapa nchini. Popote atakapopelekwa, aende na daftari la namba zake, kadi ya bima kama anayo, na dawa zote anazotumia zikiwa ndani ya pakiti zake, zikiwemo za mitishamba na zile alizonunua mwenyewe dukani.